Kazi ya Koo

Mwaka 2024 Lupita Nyong'o alionekana katika filamu moja na kusikika katika nyingine, na mtu akizitazama zote mbili katika juma moja anapata darasa zima la uigizaji. Ya kwanza ni A Quiet Place: Day One, iliyotoka mwishoni mwa Juni. Humo yeye ni Samira, mshairi mwenye saratani isiyoponyeka, katika jiji la New York lililovamiwa na viumbe vipofu vinavyowinda kwa masikio. Anayepiga chafya ameliwa. Kwa sehemu kubwa ya filamu Lupita hana maneno. Ana macho, shingo, mabega, na pumzi anayoivuta akaizuia. Ya pili ni The Wild Robot, iliyoingia kwenye majumba ya sinema Septemba ya mwaka huohuo. Humo hatuoni hata unywele wake. Yeye ni Roz, roboti aliyetupwa na dhoruba kwenye kisiwa cha wanyama, na yote tunayoyajua kuhusu moyo wa roboti huyo yamepita kooni mwa mwanamke aliyesimama mbele ya maikrofoni.

Waigizaji wazuri wa uso wapo wengi, na wa sauti wapo. Anayeweza kunyang'anywa nusu ya vifaa vyake, leo nusu hii na kesho nusu ile, na kazi ikabaki nzima, huyo ni nadra. Nataka kumsifu kwa hilo, tena polepole, maana sifa nyingi anazopewa huishia kwenye gauni alilovaa usiku wa Oscar.

Sisi watu wa Ilongero tuna haki ya kuizungumzia sauti. Mji wetu uko kaskazini mwa Singida mjini, kwenye barabara iendayo Haydom, katikati ya mashamba ya alizeti na mawe makubwa, na jumba la sinema hatuna. Filamu tumezijulia kwenye vibanda umiza: chumba cha giza, mabenchi, runinga moja, na sauti ya mtu mmoja anayeitafsiri filamu nzima. Kapteni Derek Mukandala, ambaye nchi ilimjua kwa jina la Lufufu, alikuwa akiichukua filamu ya Kihindi, ya Kichina, ya Marekani au ya Nigeria akaisema yote peke yake kwa Kiswahili. Alikuwa jambazi, akawa mama mzazi, akawa polisi, akawa mchumba aliyesalitiwa, na katikati ya hayo alipata nafasi ya kutuonya tusimwamini yule mwenye kofia. Mtafiti wa Kijerumani, Matthias Krings, alipoiandikia kazi hiyo aliipa makala yake jina linalozungumzia kugeuza wali kuwa pilau, na hakukosea. Siku hizi wapo ma-DJ wengi wanaoifanya, na DJ Afro wa Kenya anasikilizwa hadi huku. Aliyekulia kwenye mabenchi yale hahitaji kuelezwa kwamba sauti inaweza kubeba filamu. Ameshaona filamu mbovu ikiokolewa na sauti, na nzuri ikiuawa nayo.

Ila Lufufu, katika sauti zake zote, alibaki Lufufu. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yenyewe: tuliingia kumsikiliza yeye. Lupita anakwenda upande wa pili. Anaisikiliza sauti ya mtu mwingine mpaka yake ipotee.

Alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, wakati baba yake, Peter Anyang' Nyong'o, ambaye tangu 2017 ni gavana wa Kisumu, alikuwa akifundisha huko. Familia ilirudi Kenya yeye akiwa mchanga. Akakua na Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, na alipofika miaka 16 wazazi wakamrudisha Meksiko akajifunze Kihispania. Mtoto wa Ilongero ataelewa upesi maana ya maisha hayo. Hapa kwetu nyumbani ni Kinyaturu, sokoni na shuleni ni Kiswahili, kwenye mtihani wa sekondari ni Kiingereza, na kila mlango unaouvuka koo linajipanga upya. Wengi wetu tunalifanya hilo bila kulifikiria. Yeye aliligeuza kuwa fani.

Akiwa na miaka 14 alicheza Juliet jukwaani Nairobi, na kikundi cha Phoenix Players. Akasoma filamu na tamthilia Hampshire College huko Marekani, akafanya kazi ndogondogo nyuma ya kamera wakati The Constant Gardener, filamu ya mwaka 2005, ilipokuwa ikipigwa Kenya, akaigiza kwenye Shuga ya MTV, na mwaka 2009 akaongoza filamu yake mwenyewe, In My Genes, kuhusu Wakenya wenye ualbino. Kazi hiyo ya mwisho haitajwi sana, nami nadhani inastahili kutajwa kwanza. Anayeongoza filamu ya namna hiyo anakaa kimya mbele ya mtu anayesimulia maisha yake, kisha anarudi chumbani kuisikiliza sauti ileile tena na tena wakati wa kuhariri. Sijui shule nzuri kuliko hiyo kwa mtu atakayeishi kwa kuazima sauti.

Kisha Yale, shule ya maigizo, alikohitimu mwaka 2012. Kabla hata vumbi la mahafali halijatulia alikuwa ameshapata nafasi ya Patsey katika 12 Years a Slave ya Steve McQueen.

Patsey anachuma pamba kuliko wanaume wote wa shamba lile la Louisiana. Waliochuma pamba Iramba na Mkalama wanajua mgongo unavyosema jioni. Kuna sehemu ambapo Patsey anarudi kutoka kwa jirani, bwana wake amekasirika anamtafuta, naye ana kipande cha sabuni mkononi. Alikwenda kutafuta sabuni, basi. Mwigizaji wa kawaida angeanza kulia papo hapo, maana machozi yanaruhusiwa. Lupita anaanza na hoja. Anaeleza kazi anayoifanya na usafi anaounyimwa, kama mtu aliyeipanga hesabu yake njia nzima, na sauti inapanda kwa sababu ukweli wake unampa nguvu. Woga unakuja nyuma, ukiikimbiza hoja, hadi unaipata. Kwa sekunde chache tunamwona mtumwa akisema kama mtu huru, na adhabu inayofuata ndiyo bei ya sekunde hizo. Tarehe 2 Machi 2014 alipewa Oscar kwa kazi hiyo, Mkenya wa kwanza kupata tuzo hiyo kwa uigizaji.

Baada ya tuzo kama ile watu wengi wangejipanga mbele ya kamera wasiondoke. Yeye akajificha. Katika Star Wars: The Force Awakens ya mwaka 2015 alikuwa Maz Kanata, bibi mdogo wa kimo aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja, kazi iliyofanywa kwa alama usoni na kamera zinazonasa mwendo, halafu kompyuta ikamvika ngozi nyingine kabisa. Mwaka 2016 alikuwa Raksha, mbwa mwitu mama katika The Jungle Book ya Jon Favreau. Mwaka huohuo alipanda jukwaa la Broadway katika Eclipsed ya Danai Gurira, tamthilia ya wanawake wa vita vya Liberia, ambamo mwaka 2009 akiwa mwanafunzi Yale alikuwa mwigizaji wa akiba tu. Na mwaka huohuo tena akawa mama mjane wa Katwe katika Queen of Katwe ya Mira Nair, akisema Kiingereza chenye lafudhi ya Kampala. Mwaka 2018 alikuwa Nakia katika Black Panther, akitumia Kixhosa, na Kikorea katika ile sehemu ya Busan. Hesabu mwenyewe makoo hayo.

Filamu ninayoirudia ni Us ya Jordan Peele, ya mwaka 2019.

Humo Lupita ni wawili. Adelaide ni mama wa familia ya tabaka la kati aliyekwenda mapumzikoni pwani. Red ni nakala yake iliyoishi chini ya ardhi, ambayo usiku mmoja inatokea mlangoni ikiwa na nguo nyekundu na mkasi. Wanapokaa sebuleni kuzungumza, Lupita ameigiza pande zote mbili za mazungumzo, na mtazamaji anasahau. Usahaulifu huo hauletwi na kamera. Adelaide anaongea kama sisi: maneno yanatoka na pumzi, kwa urahisi, bila mtu kuyasindikiza. Kwa Red kila neno linavutwa. Linakwama, linakatika katikati ya silabi, hewa inaingia pale inapopaswa kutoka, kisha sauti inapatikana tena ikiwa kavu, kama ya mtu ambaye hajaongea na binadamu miaka mingi na leo ana mengi ya kusema.

Sauti ile hakuibahatisha. Aliijenga akianzia kwenye hali ya kweli ya kitabibu, aina ya disfonia ambamo misuli ya zoloto inajikaza bila hiari na kukata sauti. Alifanya kazi na daktari wa masikio, pua na koo, na wataalamu wa sauti, ajue jinsi ya kulitesa koo lake bila kuliharibu. Filamu ilipotoka, watu wanaoishi na hali hiyo na watetezi wao walilalamika: kwa nini ugonjwa wetu uwe alama ya kiumbe wa kutisha? Naona walikuwa na haki. Lupita aliomba radhi hadharani, akaeleza kwamba chanzo hakikuwa kimoja tu na kwamba kilichomwongoza ni yale yaliyompata mhusika. Malalamiko yale yana uzito wake, na hayaifuti kazi. Yanatukumbusha kwamba sauti anayoiazima mwigizaji ina mwenyewe, na mwenyewe naye anatazama filamu.

Ama yale yaliyompata mhusika, siwezi kuyasema bila kuharibu filamu kwa ambaye hajaiona. Niseme tu kwamba siri yote ya Us imefichwa kwenye koo la Red, mbele ya masikio yetu, na mwigizaji ndiye anayeilinda kwa saa mbili.

Sasa Roz. Hapa inafaa nieleze kidogo kazi inavyofanyika, kwa sababu huku kwetu kutia sauti tunakujua kwa namna nyingine. Tulipoipokea tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou kupitia TBC mwaka 2011, na baadaye zile za Kituruki kama Sultan kwenye Azam TV, sauti za Kiswahili zilikuwa zinakimbizana na midomo iliyokwisha kuongea. Mwigizaji wa sauti anakuta uso umemaliza kazi. Yeye anapima maneno yaingie kwenye nafasi iliyoachwa, na akizidisha silabi mbili mdomo umeshafungwa. Ni kazi ngumu na vijana wetu wanaoifanya Dar es Salaam hawasifiwi vya kutosha. Kwenye katuni kubwa mpango kwa kawaida unageuka. Sauti hurekodiwa kwanza, mara nyingi mwigizaji akiwa peke yake chumbani, na wachoraji huifuata. Pumzi anayoivuta leo ndiyo mabega atakayochorewa mhusika kesho.

Na Roz hana mdomo. Chris Sanders, mwongozaji, akikitoa kisa hiki kwenye kitabu cha Peter Brown cha mwaka 2016, alimwacha roboti wake na macho mawili ya mviringo na taa. Hakuna tabasamu la kuisaidia sauti, wala mdomo wa kutetemeka. Lupita alianza na sauti tunazozisikia kwenye simu na vifaa vya kuamrishwa, kina Siri na Alexa: ile furaha isiyochoka ya kitu kilichotengenezwa kukuhudumia. Roz anapofika kisiwani anaongea juu, wazi, kila neno limepigwa pasi, akiwauliza wanyama wanaomkimbia kama anaweza kuwasaidia. Ni sauti ya kuchekesha, na inatia huzuni kidogo, kwa sababu haina mtu ndani.

Halafu Roz anakaa kimya na kusikiliza. Misimu inasogea, ndege na wadudu wanamzoea, naye anayakusanya makelele ya msitu hadi yanakuwa maneno. Ningekuwa mwalimu wa uigizaji ningewaonyesha wanafunzi wangu sehemu hiyo kabla ya kitabu chochote. Kinachofuata ni kifaranga wa bata bukini, Brightbill, yatima ambaye Roz mwenyewe kwa bahati mbaya ndiye aliyeiponda familia yake, na lazima afundishwe kula, kuogelea na kuruka kabla wenzake hawajahama. Kuanzia hapo sauti inashuka. Haishuki siku moja. Inashuka kiasi ambacho sikio halikishiki mpaka umefika mbali: neno moja limelegea hapa, sentensi nyingine imeacha kumalizika pale, kicheko kimechelewa kidogo kama mtu anayepima kama anaruhusiwa kucheka. Roz hajawahi kuacha kuwa mashine. Maneno yake bado ni ya mashine. Lakini kufikia wakati bukini wanaondoka, tunamsikia mama asiyejua aseme nini kwa mwanawe aliyekasirika, na hakuna mchoro unaoweza kutengeneza hilo kama koo halikulileta.

Ile sauti ya juu ya mwanzo ilimgharimu. Lupita amesimulia kwamba kazi hiyo ilimwachia uvimbe mdogo kwenye nyuzi za sauti, akatakiwa kunyamaza kwa miezi mitatu. Watu husema uigizaji wa sauti ni kazi nyepesi, unaingia studio na nguo za nyumbani, unasoma karatasi, unalipwa. Mwili unalipa hata usipoonekana.

Kwenye A Quiet Place, mwili ndio unaofanya yote, na kuna sehemu ambayo siwezi kuiacha. Samira na kijana aliyekutana naye njiani wamejificha kwenye nyumba, mvua kubwa inanyesha, na wanagundua kwamba radi ikipiga wanaweza kupiga kelele bila kusikika. Wanaisubiri radi, kisha wanalia kwa nguvu zao zote. Kelele zile zimeshikiliwa tangu filamu ilipoanza, na zinapotoka zina ugonjwa ndani, zina mji ulioangamia, zina hasira ya mtu ambaye alikuwa anakufa hata kabla ya maafa. Paka naye yupo muda wote mikononi mwake, na Lupita alikuwa akiogopa paka kweli, ikabidi ajizoeze taratibu. Baadaye akafuga wa kwake.

Kuna sauti moja iliyompa kazi kuliko zote: ya kwake. Katika podikasti yake, Mind Your Own, aliyoianza mwaka 2024, alisimulia jinsi akiwa Yale alivyoamua kuipata lafudhi ya Kimarekani, akaishi nayo darasani na nje ya darasa ili apate kazi, na jinsi uamuzi ule ulivyomliza usiku. Baada ya 12 Years a Slave akaamua kurudi kwenye lafudhi yake, na akawaambia waliomsimamia kwamba kwenye mahojiano ataongea kama alivyoongea kwao. Kijana anayetoka Ilongero kwenda Dar es Salaam naye hufundishwa upesi, kwa vicheko vya wenzake, kuuficha Unyaturu ulioko kwenye ulimi wake. Akirudi likizo bibi yake anamuuliza anaumwa nini. Kwa hiyo nilipolisikia simulizi lile sikulichukulia kama habari za nyota wa Hollywood. Mtu anayeweza kuvaa sauti yoyote alikuwa amegundua kwamba moja imebaki haina pa kukaa, akairudishia nafasi yake, naye angali anaweza kuzivaa nyingine zote.

Tangu hapo ndipo naona kazi yake ya sauti tupu ikipata utulivu. Filamu za wanyamapori za Serengeti, zilizotengenezwa hapa Tanzania na kutoka mwaka 2019, zilisimuliwa na yeye katika toleo la Discovery, na mwaka 2020 akateuliwa kugombea tuzo ya Emmy ya msimulizi bora. Hapo hajifichi. Anasema kama mtu wa Nairobi anayeijua nyika. Mwaka 2021 akarudi kwa Juliet wake wa utotoni, safari hii kwa masikio peke yake: mchezo wa kusikiliza wa Romeo y Julieta, Kihispania na Kiingereza vikipokezana, ulioongozwa na Saheem Ali, mzaliwa wa Nairobi.

Na mwaka 2025, katika Twelfth Night ya Shakespeare kwenye jukwaa la wazi la Central Park, Saheem Ali akimwongoza tena, alicheza Viola, msichana anayedhani pacha wake amezama baharini. Pacha huyo alichezwa na mdogo wake wa kuzaliwa, Junior Nyong'o. Ndani ya mchezo ule waliingiza Kiswahili. Mwalimu Nyerere alimleta Shakespeare kwetu kwa Julius Caezar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hawa wawili wamekipeleka Kiswahili kwake, ndani ya mchezo wake mwenyewe, New York, kama lugha ambayo ndugu waliopoteana huitumia baina yao.

Atakayetaka kumjua mwigizaji huyu asianze na Oscar. Aanze na Us, aitazame hadi mwisho, aijue siri yake. Kisha airudie ile sehemu ya sebuleni akiwa ameipa runinga mgongo. Red anapofungua kinywa mara ya kwanza, atasikia kwamba alikuwa ameshaambiwa kila kitu.